Draiva Niliyoijaribia kwenye Laptop ya Mwalimu

Nilipaswa kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi, na siku ile lilikuwa limeshafika ulimini, lakini Mwalimu Desderi aliponisogezea laptop yake mezani akaniambia, "Kaka, jaribia kwenye hii hii yangu, hayo mambo ya mashine mbili mbili utayamaliza lini?" mimi nikajibu, "Haya, lete." Basi. Aibu yote nitakayowasimulia, iliyonipata mchana kweupe mbele ya wazazi, wanafunzi, wageni waheshimiwa na mbuzi wawili wa zawadi waliokuwa wamefungwa kwenye mlingoti wa bendera, ilitoka kwenye hilo "haya, lete", na nikiikumbuka hata leo masikio yananiwaka moto, ingawa Sumbawanga kwa majira haya ni baridi ya kuvaa masweta mawili.

Mimi ni fundi. Nilimaliza kidato cha nne, nikafanya kazi ya simu za waya mpaka simu zenyewe zikapitwa na wakati, kisha nikafungua kibanda cha kutengeneza kompyuta karibu na stendi, na uzeeni, badala ya kufuga kuku kama wenzangu wenye akili, nikashikwa na homa ya programu huria, yaani zile programu ambazo msimbo wake uko wazi, mtu yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha na kuwatumia wanaoutunza waukague. Mafundi vijana wa korido yetu wananiita Babu Kerneli (mwanzoni nilikasirika, baadaye nikaanza kulipenda, na hapo ndipo mtu anapoharibika). Kerneli ndiyo kiini cha mfumo wa kompyuta, ndiyo inayoongea na kila kifaa kilichochomekwa, na draiva ni kipande cha msimbo kinachoifundisha kerneli namna ya kuongea na kifaa fulani. Programu ya kawaida ikikosea inajifunga, unaifungua tena, maisha yanaendelea. Draiva ikikosea inaondoka na mashine nzima. Nawaomba mlishike hilo, maana mimi nilikuwa nalijua vizuri na bado halikunisaidia.

Mwalimu Desderi ni jirani yangu kule Kasense. Amefundisha historia sekondari kwa miaka ishirini na mitatu, na ni mtu ambaye wanafunzi wake wa zamani wakikutana naye sokoni wanasimamisha baiskeli ili wamwamkie. Presha ya macho ilimwanza taratibu, jicho moja, halafu la pili, na alipofika miaka hamsini na minne hakuwa anaona hata dirisha liko upande gani. Hakulala. Alikwenda kujifunza maandishi ya nukta nundu, mtu mzima, vidole vyake vikiwa vimekomaa kwa chaki na jembe, akarudi anasoma, polepole lakini anasoma. Ila vitabu vya nukta nundu vilikuwa vichache, wazazi wakaanza kunung'unika kwamba mwalimu asiyeona atasomaje kitabu kipya, atasahihishaje madaftari, na bodi ya shule ikakaa ikaamua hivi: Siku ya Wazazi, Mwalimu apewe ukurasa asioujua, ausome mwenyewe, asisomewe na mtu wala mashine, kisha aufundishe mbele ya watu wote. Akiweza, anabaki na darasa lake. Asipoweza, atatafutiwa kazi nyingine pale pale shuleni.

Sasa kulikuwa na kifaa. Wageni fulani wa parokia walikuwa wamekiacha, kina ukubwa wa kitabu cha nyimbo, na mbele kina safu ya vitundu arobaini. Ukikichomeka kwenye kompyuta, yale maandishi yaliyo kwenye skrini yanageuka vijinukta vinavyoinuka kwenye vile vitundu, asiyeona anapitisha vidole na kusoma ukurasa wowote uliomo duniani. Kilikuwa kizee, waliokitengeneza hawapo tena, na kompyuta za leo zilikuwa hazikitambui kabisa. Mwalimu aliniletea kikiwa kimefungwa kwenye khanga ya mkewe. "Kaka," akaniambia, "wewe si ndiye Babu Kerneli? Ifundishe hii mashine yangu iongee na huyu mzee mwenzako."

Nikaanza kuandika draiva.

Hapo ikaja kazi ya kuchagua nitaandikia wapi na kuijaribia wapi, na kwa watu wa kazi yetu huo uchaguzi ni mkubwa kuliko kuandika kwenyewe. Njia ya kwanza ni kutengeneza kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta halisi, draiva ikiua, inaua ile ya kuigiza tu, unaifufua kwa kubofya. Nilijaribu. Mashine yangu ya kibandani ina kumbukumbu ndogo, ikawa inatambaa kama lori la mahindi linalopanda mlima kutoka Wampembe, nikaacha. Njia ya pili ni mashine mbili zilizounganishwa kwa waya, moja ya kuandikia, nyingine ya kufa. Ile ya kufa ikishikwa na kiwewe inatuma maneno yake ya mwisho kupitia waya, na ile nyingine inayaandika, ndipo unajua imeuawa na mstari gani. Hiyo ndiyo niliyoichagua. Nilikuwa na kompyuta kuukuu ya mezani isiyo na kazi, nikaiweka pembeni, na kwa wiki tatu ilikufa vifo visivyohesabika bila mtu yeyote kulia, na kila ilipokufa nilijifunza jambo. Nilikuwa na raha. Draiva ikaanza kusoma, vijinukta vikaanza kuinuka.

Kisha umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, na ile kompyuta ya kufa ikafa kifo cha kweli: kifaa chake cha kupokea umeme kiliungua mpaka kibanda kikanuka. Kingine ilibidi kiagizwe Mbeya. Siku ya Wazazi ilikuwa imebakiza siku tisa.

Nikaenda nyumbani kwa Mwalimu kumweleza. Mkewe, Mama Editha, alinikaribisha uji wa ulezi, tukakaa jikoni penye moto. Nikasema tusubiri spea.

"Isipofika?" Mwalimu akauliza.

"Itafika."

"Kaka, sikukuuliza kama itafika. Nimekuuliza isipofika." Alikuwa anageuza geuza kikombe mikononi. "Mimi nahitaji hizo siku tisa kuzoesha vidole. Nikikipata kifaa asubuhi ile ile nitasoma kama mtoto wa chekechea, na wao wanasubiri hicho tu." Ndipo akanisogezea laptop na kusema yale maneno niliyoyataja.

Mama Editha akasimama na mwiko mkononi. "Shemeji, hiyo ndiyo inayomsomea kila kitu kwa sauti. Ukiiharibu utatuambia nini?"

Angalieni, mama yule hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa msimbo, na aliuliza swali lenyewe hasa. Mimi, fundi, nikacheka. Nikasema, "Shemeji, draiva imeshaiva." Nikasema, "Haya, lete."

Kuanzia siku ile nikaanza kuogopa, na woga wenyewe ulikuja kimya kimya kiasi kwamba niliuita uangalifu. Kwenye ile kompyuta kuukuu nilikuwa najaribu kila upuuzi: nachomoa waya, nachomeka kinyume, namimina herufi elfu kwa mpigo, naizima katikati ya sentensi. Kwenye laptop ya Mwalimu, nani angethubutu? Nikawa najaribu yale tu niliyojua yatapita. Kila jioni namwachia, anasoma, anafurahi, ananiambia, "Kaka, leo nimesoma kurasa sita," na mimi narudi nyumbani kama mtu aliyetoka nyumbani akiwa hakumbuki kama alizima jiko.

Halafu ikaja barua pepe. Nilikuwa nimetuma draiva yangu kwa wakaguzi wa programu huria, watu wa mbali ambao sijawahi kuwaona sura, na mmoja wao, mstaarabu sana, akaniuliza swali moja tu: umejaribu kuchomoa waya wakati programu bado inasoma? Nilikaa mbele ya swali lile karibu saa nzima. Nilikuwa nimejaribu kuchomoa, ndiyo, ila wakati hakuna kinachosoma (nusu ya jaribio, na ni ile nusu isiyo na hatari). Kuchomoa kikiwa kinasoma kulimaanisha kuhatarisha laptop ya Mwalimu zikiwa zimebaki siku nne. Nikajibu: Ndiyo, nimejaribu, iko sawa. Nikatuma. Kisha nikatoka nje kununua vocha nisiyoihitaji, kwa sababu nilikuwa siwezi kukaa.

Na kwa kuwa mtu aliyeanza kuteleza haachi, nikaongeza jambo la mwisho. Ili Mwalimu asihangaike kuandika amri, nikaipanga draiva ijipakie yenyewe kila laptop inapowashwa. Aliponishukuru nilijisikia mtu mwema.

Siku yenyewe ilikuwa na upepo. Watu wa Sumbawanga mnaujua ule upepo wa kiangazi, unapita kwenye sweta kama vile hujavaa kitu. Maturubai yalikuwa yanapiga makofi juu yetu, wazazi walikuwa wamejaa, wengine wamefika kutoka Kabwe na vifurushi vya samaki wa migebuka kwa ajili ya watoto wao wa bweni, na mbele kabisa iliwekwa meza ya Mwalimu, imetandikwa kitambaa cheupe kirefu kilichofika mpaka chini. Juu yake laptop, kile kifaa, na waya mfupi kati yake. Na mimi (hili nalo ni langu, hakuna aliyenituma) nilikuwa nimeshauri sauti ya laptop, ile inayotamka maandishi, iunganishwe na spika kubwa na itamke kila sentensi baada yake, ili wazazi wasikie kwamba anachosoma Mwalimu ndicho kilichoandikwa, wasije wakasema amekariri.

Nilikuwa nimekaa safu ya wageni. Nikaona kitambaa kinapeperuka. Nikaona kinaugusa waya, kinauinua kidogo, kinauacha. Nikasema moyoni, nyanyuka, nenda kaufunge na utepe. Nikainuka nusu. Mshereheshaji akaniona, akadhani nimeinuka kujitambulisha, akatangaza, "Na huyu ndiye mtaalamu wetu, Mzee Aloisi, mtoto wa hapa hapa Kasense!" Watu wakapiga makofi. Nikapunga mkono, nikakaa. Jamani, nilikaa.

Mama Mwenyekiti wa bodi, mama mnyoofu asiye na maneno mengi, akaleta ukurasa kwenye flashi, ukafunguliwa. Ulihusu uhunzi wa Wafipa wa zamani, jinsi walivyojenga matanuru marefu ya udongo kuyeyushia chuma. Mwalimu Desderi akaweka vidole, akapumua, akaanza.

Dakika mbili zile ni nzuri kuliko zote nilizowahi kushiriki katika kazi yangu. Alisoma bila kukwama. Anasoma sentensi, anasimama, anawageukia wanafunzi wa kidato cha pili waliokaa chini kwenye mikeka, anawauliza, wanajibu, anarudi kwenye nukta. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Huyu anasoma kuliko mimi mwenye miwani." Mama Editha alikuwa amejifunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Na mimi jicho langu lilikuwa kwenye waya.

Upepo ukaja mmoja mkubwa, kitambaa kikainuka kama sketi, kikaushika waya, kikauvuta. Ukachomoka.

Laptop ikaganda papo hapo. Na kompyuta ikifa ghafla wakati inatoa sauti, mara nyingine ile punje ya mwisho ya sauti inabaki inajizungusha, haikomi, kwa hiyo ile sauti ya mashine iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza kutamka neno chuma ikabaki hapo hapo, kwenye spika kubwa mbili, uwanja mzima: chu-chu-chu-chu-chu-chu.

Kwa sekunde chache hakuna aliyeelewa. Kisha wanafunzi wakaelewa kwa namna yao. Mmoja akacheka, safu ikacheka, halafu wale wa mwisho kabisa wakaanza kupiga makofi kwa mdundo wake, maana ulikuwa na mdundo kweli, na msichana mmoja akatikisa mabega. "Jamani, treni imefika Rukwa!" akapaza sauti baba mmoja mwenye kifurushi cha samaki, na sasa hata wageni waheshimiwa wakawa wanaangalia chini ili wasionekane meno.

Nilikimbia. Miaka sitini na saba, magoti mabovu, nikakimbia mbele ya watu. Fundi mwenye akili zake angezima spika kwanza. Mimi nikaenda kubonyeza kitufe cha laptop, na kitufe hicho lazima ukishikilie mpaka izimike, basi nikasimama pale kidole kwenye kitufe, nimetabasamu kama mtu anayepigwa picha, na chu-chu-chu ikiendelea.

Mwalimu hakuwa anaelewa kilichotokea. Vidole vyake vilikuwa bado kwenye kifaa. Akainamisha kichwa upande wangu, akanong'ona, "Kaka, nukta zimelala."

"Najua. Subiri kidogo."

Sauti ikakatika. Na hapa ndipo panaponiuma kuliko pote, kwa hiyo nitapaeleza kama palivyokuwa. Mwalimu Desderi akajinyoosha, akaichukua maiki, akasema kwa sauti yake ya darasani, "Haya, mwenzetu amechoka, mwacheni apumzike. Sisi bado hatujachoka. Nani ataniambia tanuru letu lilikuwa na urefu wa watu wangapi?" Mikono ikainuka. Mtoto akajibu, Mwalimu akamsahihisha, akaongeza lake, watu wakacheka kicheko kingine sasa, kicheko cha kuwa pamoja naye. Alikuwa anaokoka. Alikuwa na vidole, alikuwa ameshasoma mbele yao, sasa anafundisha kwa kichwa kama alivyofundisha siku zote. Wangemwacha aendelee dakika tano tu, Mama Mwenyekiti angekuwa amepata jibu lake.

Lakini mimi nilikuwa nimesimama pale mbele ya mji mzima kama mtaalamu wa chu-chu-chu. Sikuweza kuvumilia kuachwa hivyo. Nikashika maiki mkononi mwake.

"Niache, kaka," akasema chini chini. "Niache niendelee."

"Dakika mbili tu, Mwalimu." Nikaichukua. Nikawatangazia watu, "Samahani sana, ni hitilafu ndogo, dakika mbili tu na mtaona kazi yenyewe."

Nikachomeka waya, nikawasha laptop. Mnakumbuka kwamba niliipanga draiva ijipakie yenyewe. Kifaa nacho kilikuwa bado kimebaki na herufi za nusu tumboni, kikazimwaga zote kabla draiva haijajiandaa, laptop ikaganda kabla haijamaliza kuwaka. Nikazima. Nikawasha. Ikaganda. Mtu yeyote aliyetulia angechomoa kile kifaa kwanza, angeiacha mashine iwake peke yake, na vijana wa kibandani kwangu huwa nawafundisha hilo kila siku, lakini kichwani mwangu mlikuwa na kitu kimoja tu, nacho ni watu wananiangalia.

"Mtaalamu anasemaje?" akauliza mshereheshaji.

"Dakika mbili."

Nikazima, nikawasha. Mara ya tatu alipouliza, sikuwahi hata kufungua mdomo, uwanja mzima ukajibu kwa pamoja, wazazi kwa watoto: "Dakika mbiliii!"

Mwalimu alikuwa amesimama pembeni yangu muda wote huo, mikono tupu, uso umeelekea mbele, akisubiri nimrudishie maiki. Sikumrudishia. Sijui hata niliiweka wapi. Baadaye ilikutwa kwenye mfuko wa koti langu. Mama Mwenyekiti akatazama saa, akamwambia jambo mshereheshaji, na tukasikia kwamba kwa sababu ya muda sasa tutaona halaiki ya kidato cha kwanza. Ngoma zikaanza. Mama Editha akaja akamshika mumewe mkono, akamwondoa. Aliponipita alisema neno moja: "Shemeji."

Na msidhani niliachwa hapo. Ngoma zikipigwa, nikakumbuka kuchomoa kifaa. Laptop ikawaka vizuri kabisa, ila polepole, inajikagua diski kwanza. Ilimaliza kujikagua wakati padri amesimama kwa sala ya kufunga, watu wote vichwa chini, kimya, na spika bado zimeunganishwa, ikatangaza kwa ile sauti yake ya puani: "Karibu. Kisoma skrini kimewashwa. Betri imejaa." Padri akanyamaza. Akasubiri. Kisha akasema, "Tuendelee," na nikawaona hata walimu mabega yakitikisika.

Spea ya Mbeya ilifika siku mbili baadaye. Nikaifunga kwenye ile kompyuta kuukuu, nikaunganisha waya, nikafungua programu ya kusoma, nikachomoa kifaa. Ikafa kwa jaribio la kwanza kabisa, la kwanza, na maneno yake ya mwisho yakaandikwa kwenye mashine ya pili, mstari na kila kitu. Kosa lilikuwa la mpangilio: kifaa kilipochomolewa, draiva yangu ilibomoa sehemu yake ya kumbukumbu kabla ya kumsimamisha anayesoma, sawa na kuezua nyumba mwenyewe akiwa ndani. Nililirekebisha kabla ya chakula cha mchana. Nikachomoa waya mara mia, haikutikisika. La pili, la kumwaga herufi wakati wa kuwaka, nililimaliza jioni.

Nikamwandikia yule mkaguzi nikamwambia nilimdanganya, na kwa nini. Akajibu kwa upole kwamba wengi hudanganya hapo hapo, nitume upya. Nilituma, wakakagua, wakapokea, na sasa ile draiva imo ndani ya kerneli, mtu yeyote duniani mwenye kifaa kama kile anakichomeka na kinafanya kazi.

Nilikwenda kumwambia Mwalimu. Barua ya bodi ya kumwondoa darasani ilikuwa imeshamfikia. Alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, anakata kucha.

"Imepona," nikasema. "Sasa hata ukivuta waya namna gani, haifi."

"Vizuri."

"Tuwaombe wakupe siku nyingine. Mimi nitasimama mbele yao niseme kosa lilikuwa langu."

"Sema. Ni kweli ni lako." Aliendelea na kucha. "Nimekwenda kuwaomba mwenyewe, kaka. Mama Mwenyekiti amenijibu kiungwana sana. Anasema wazazi waliona nilivyosimama pale sina la kufanya, na hawezi kuwaambia hawakuona."

"Mwalimu, ile mashine…"

"Mimi mashine siilaumu. Mashine ilikufa, na vitu hufa. Hata kuijaribia kwenye ya kwangu, nilikuomba mimi." Akageuza uso upande wangu, karibu sawasawa kabisa na mahali nilipokuwa. "Lakini nilikuambia niache. Nilikuambia mara mbili?"

"Mara mbili."

"Basi."

Nilijaribu kuomba msamaha, nao akanipa, kwa adabu, kama anavyompa mwanafunzi ruhusa ya kutoka nje. Tangu siku hiyo sijapakia draiva yoyote kwenye mashine ambayo mtu anaitegemea, hata anipigie magoti. Nina mashine mbili kibandani, na nikiulizwa kama nimejaribu jambo fulani na sijalijaribu, nasema sijalijaribu. Vijana wananiona mzee mgumu. Sawa tu.

Mwalimu Desderi hafundishi tena. Wamemweka stoo ya vitabu, anatoa na kupokea vitabu ambavyo hawezi kuvisoma, na kile kifaa alikirudisha parokiani bila kuniambia. Tukikutana njiani Kasense ananisalimia vizuri, ananiuliza habari za nyumbani, na anapita. Kwa "haya, lete" ile, na kwa maiki niliyokataa kumrudishia, yeye alipoteza darasa lake, na mimi nikampoteza yeye.